Ndita Zangu na Kalenda: Miaka ya Kuhesabu Sindano ya Botox

Mimi ni mhasibu, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimelipwa mshahara kwa kuuliza swali lile lile kwa namna mbalimbali: kiasi hiki kinaanza kuhesabiwa lini, na kinaishia lini? Kwa hiyo naona haya kidogo kukiri kwamba nilipochomwa kwa mara ya kwanza sindano ya Botox, ile inayolegeza misuli ya uso ili mikunjo isionekane, Jumamosi ya tarehe 4 Machi 2023, sikuuliza. Niliambiwa kwamba dawa hiyo hukaa miezi sita, nikaitikia, nikalipa fedha iliyozidi kodi yangu ya nyumba ya mwezi mzima, kisha nikapanda basi la kurudi Dodoma nikiwa na amani ya mtu aliyekwisha kufunga hesabu.

Nieleze kwanza kilichonipeleka. Nilihamia Dodoma mwaka 2019, wakati wizara zilipokuwa zinahamia Mji wa Serikali, Mtumba, nikitokea Dar es Salaam ambako unyevu wa bahari huipaka ngozi mafuta bila kuombwa. Dodoma ni nchi kavu iliyo juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, na mvua yake ya mwaka wa kawaida haifiki milimita 600, tena karibu yote hunyesha kati ya mwishoni mwa Novemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ya jua lisilo na wingu la kulipunguzia makali, na ifikapo Julai na Agosti upepo huinua vumbi jekundu likatuingia hata kwenye makabati ya mafaili. Mtu anayesubiri gari barabarani katika hali hiyo hawezi kuyafumbua macho kikamilifu. Hukunja uso tangu asubuhi hadi jioni, bila hasira yoyote.

Kiswahili kina neno zuri kwa jambo hili, nalo ni ndita, yaani ile mikunjo ya kipaji cha uso inayojitokeza mtu anapokasirika au anapowaza sana. Zangu zilikuwa mbili, zimesimama wima kati ya nyusi, na kufikia umri wa miaka arobaini na sita zilikuwa zimekataa kuondoka hata nilipokuwa nimelala. Vijana wa ofisini walioniletea hati za malipo walianza kusimama mlangoni na kuulizana kwanza kwa macho nani atangulie. Mmoja wao, binti mwenye adabu sana, aliniuliza, "Shikamoo mama, leo kuna aliyekuudhi?" Nilikuwa natafuta miwani yangu tu.

Siku chache baada ya sindano ile ya kwanza niliingiwa na tabia ya kazini, nikafungua daftari. Kila Jumamosi asubuhi nilisimama karibu na dirisha lile lile na kujipiga picha tatu kwa simu: uso ukiwa umetulia, uso ukiwa umekunjwa kwa makusudi, na nyusi zikiwa zimeinuliwa. Sikujua wakati huo kwamba tabia hiyo ndogo ndiyo itakayonifundisha karibu yote ninayoyafahamu leo.

Siku tatu za mwanzo hazikuonyesha kitu, nikadhani nimeliwa fedha. Siku ya nne nilipojaribu kukunja uso mbele ya kioo, upande wa kulia ulitii na wa kushoto ukachelewa, kama watu wawili wanaobeba meza bila kuhesabiana. Kufikia siku ya kumi na nne misuli yote miwili ilikuwa imenyamaza. Hilo peke yake ni somo ambalo ningependa kuambiwa mapema: dawa hii haianzi kazi siku inapochomwa. Huanza kuonekana baina ya siku ya tatu na ya tano kwa watu wengi, na hukamilika wiki ya pili. Anayehesabu muda wake kutoka siku ya sindano na anayehesabu kutoka siku ya kukamilika watapishana wiki mbili nzima huku wote wakisema kweli.

Aprili ile shangazi yangu alikuja kutoka Kongwa. Baada ya mbukwenyi, yaani salamu ya Kigogo, na habari za nyumbani, alianza kunisimulia juu ya mtamba wake aliyekufa ghafla, nami nilimsikitikia kwa moyo wote. Alipomaliza alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, nimekueleza msiba wangu na uso wako haukusogea." Nilijitetea kwa maneno, lakini yeye alikuwa anasubiri ndita, kwa sababu kwa mtu wa rika lake huzuni isiyofika usoni ni huzuni ya kukopa. Nimeliweka tukio hilo katika daftari kwenye wiki ya sita, kwa maana huo ndio wakati dawa ilipokuwa na nguvu kuliko wakati mwingine wowote.

Mapema Juni, yaani wiki ya kumi na tatu, picha ya pili kati ya zile tatu ilianza kubadilika. Nilipokunja uso, nyusi zilisogeleana kidogo sana, kiasi kwamba bila picha za nyuma nisingegundua. Wiki ya kumi na tano nilianza kuona kivuli cha ndita, na kufikia tarehe 8 Julai, wiki ya kumi na nane, nilikunja uso kama zamani. Hayo yote yalitokea miezi minne tu tangu Machi, nami nilikuwa nimepanga sendofu ya binti yangu mkubwa, yaani sherehe ya kumwaga kabla ya ndoa, ifanyike tarehe 12 Agosti kwa kutegemea miezi sita niliyoahidiwa. Nilipiga simu kule nilikochomwa. Niliambiwa, kwa sauti ya upole, kwamba mwili wangu "unamaliza dawa haraka". Nikalipokea jibu hilo kama kasoro yangu, na kutokana na jibu hilo nikafanya kosa kubwa zaidi katika simulizi hii.

Jumamosi ya tarehe 29 Julai, wiki mbili kabla ya sherehe, nilikwenda kwa mwanamke niliyeelekezwa na rafiki, ambaye alichomea watu katika chumba kilicho nyuma ya saluni kwa bei ya chini sana. Bomba la sindano lilikuwa limekwisha kujazwa nilipoingia. Hakunionyesha kichupa, hakuniuliza kama nina maradhi yoyote au kama ninatumia dawa, na mimi, ambaye sijawahi kupitisha malipo yasiyo na risiti, nikakaa kwenye kiti na kufumba macho. Siku ya tisa niliamka na kope ya jicho la kushoto ikiwa nzito, imeshuka na kufunika sehemu ya mboni. Katika picha za sendofu mama wa bibi harusi anaonekana kama mtu anayesinzia upande mmoja. Kope ilianza kuinuka mwishoni mwa Agosti na ikarudi mahali pake katikati ya Septemba, lakini wakati huo huo, wiki ya saba tu tangu sindano, ndita nazo zilikuwa zimerudi. Kwa hesabu ya kihasibu, hasara ilikaa karibu muda sawa na faida.

Oktoba nilikwenda Dar es Salaam kumwona daktari bingwa wa ngozi, nikiwa na daftari langu na picha zote. Alizitazama moja moja kwa uvumilivu, kisha akacheka, akasema kwamba wagonjwa wake wengi huja na malalamiko na wachache sana huja na kumbukumbu. Jambo la kwanza alilonieleza ni kwamba mwili wangu hauna kasoro. Miezi mitatu hadi minne ndiyo muda wa kawaida wa sindano hii kati ya nyusi. Wapo wanaopata pungufu, wapo wachache wanaofika miezi mitano au sita, lakini anayemwahidi kila mteja miezi sita anauza kile kinachowapata wachache. Ipo aina mpya, Daxxify, iliyoidhinishwa nchini Marekani Septemba 2022, ambayo katika majaribio ilidumu kwa nusu ya watu takribani miezi sita au zaidi, lakini hiyo siyo niliyochomwa Machi.

Kisha nikamwuliza kwa nini dawa huisha, na hapo ndipo nilipogundua kwamba hata swali langu lilikuwa na kasoro. Nilikuwa nikiifikiria kama rangi ya ukutani inayofifia kwa jua. Daktari alieleza kwamba dawa hiyo ni sumu ya bakteria, ile ile inayoua watu waliokula chakula kilichoharibika kwenye makopo au soseji, ila hapa hutumiwa kwa kiasi kidogo mno. Inapofika mwisho wa mshipa wa fahamu, hukata protini moja ambayo bila hiyo mshipa hauwezi kutoa kemikali ya asetilikolini, na kemikali hiyo ndiyo amri inayoufanya msuli ukaze. Msuli wenyewe hauguswi. Ni mzima, ila hausikii amri. Baada ya wiki kadhaa mshipa huanza kuchipua vichipukizi vidogo vinavyotafuta njia nyingine ya kuufikia msuli, na baadaye ncha ya zamani nayo hupona na kurudia kazi yake, vichipukizi vikasinyaa. Kwa hiyo tunachokiita dawa kuisha, kwa kweli ni mwili kujitengeneza.

Hapo nilielewa mara moja, kwa sababu Dodoma ni mji wa zabibu. Mkulima wa Hombolo au Mpunguzi hupogoa mzabibu hadi ukabaki kama kuni iliyochomekwa ardhini, na mgeni akipita huweza kudhani umekufa. Lakini chini ya gome uhai unaendelea, machipukizi hutoka, na baada ya miezi minne hivi mashada yamekwisha kuiva. Hakuna mkulima anayelalamika kwamba kupogoa kwake "hakukukaa". Anajua kwamba mti uliopogolewa utachipua, na kalenda yake imejengwa juu ya jambo hilo.

Nilimwuliza pia kama ningeongezewa dawa ingekaa zaidi, kwa maana katika akili yangu uniti za Botox zilikuwa kama uniti za LUKU: unanunua nyingi, unakaa na umeme siku nyingi. Alisema kuna ukweli mdogo katika hilo na hatari kubwa. Dozi iliyo ndogo mno huisha mapema, na huenda hiyo ikawa sehemu ya maelezo ya wiki zangu saba za chumba cha nyuma ya saluni. Lakini kuongeza dozi mara mbili hakuleti muda mara mbili, bali huongeza uwezekano wa dawa kusambaa hadi kwenye misuli isiyohusika, kama ule unaoinua kope. Kipimo kilichoidhinishwa kwa ajili ya ndita za kati ya nyusi ni uniti 20 za Botox, zikigawanywa katika nukta tano, uniti 4 kila nukta. Na uniti za kampuni moja si uniti za kampuni nyingine. Dysport, kwa mfano, hutumia uniti 50 kwa eneo lile lile, na hiyo haimaanishi kwamba ni kali zaidi wala hafifu zaidi, kama vile shilingi elfu moja ya Kenya na elfu moja ya Tanzania si fedha sawa ingawa zote zinaitwa shilingi. Nilikumbuka namna nilivyolinganisha bei za uniti kutoka tangazo moja hadi jingine, nikanyamaza.

Jambo jingine linaloamua muda, na ambalo mteja halioni, ni namna dawa ilivyotunzwa. Hufika ikiwa unga mkavu ndani ya kichupa, hutakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, huchanganywa na maji ya chumvi yaliyo safi kabisa, na baada ya kuchanganywa maelekezo ya mtengenezaji hutaka itumike ndani ya saa 24. Sisi tuliokulia karibu na zahanati tunajua maana ya mnyororo baridi wa chanjo. Hapa kanuni ni hiyo hiyo. Kichupa kilichosafiri kwenye mkoba kupitia joto la Dumila, njiani kuja Dodoma, au kilichoongezwa maji ili kitoshe wateja wengi, hakiwezi kutoa miezi minne hata kikichomwa na mikono bora. Tangu hapo huomba kuoneshwa kichupa kabla hakijafunguliwa, nasoma jina na tarehe ya mwisho wa matumizi, na sijali tena kama ninaonekana msumbufu. Nimejua pia kwamba dawa zinasimamiwa na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa hiyo maswali haya yana mahali pa kupelekwa.

Daktari alikataa kunichoma siku hiyo. Alitaka athari za ile ya Julai zimalizike kabisa, na alieleza kwamba hata kwa aliyechomwa vizuri haifai kurudia kabla ya wiki kumi na mbili, kwa kuwa kurudiarudia mapema kunaweza kuufundisha mwili kutengeneza kinga dhidi ya dawa, na ikifikia hapo haitakaa hata siku moja. Aliniuliza kuhusu ujauzito, kunyonyesha, maradhi ya udhaifu wa misuli na dawa ninazotumia, maswali ambayo Julai hakuna aliyejali kuyauliza.

Nilichomwa kwake tarehe 13 Januari 2024. Daftari linaonyesha mwendo unaofanana sana na ule wa Machi: siku ya nne mwanzo, siku ya kumi na nne ukamilifu, wiki ya kumi na tatu msuli kuanza kusikia amri tena, wiki ya kumi na saba kuisikia yote. Lakini safari hii nilitazama safu nyingine ya daftari ambayo mwanzo sikuipa uzito, yaani picha ya uso uliotulia. Msuli ulikuwa umerudi Mei, lakini ndita za wakati wa utulivu zilikuwa hafifu kuliko zilivyokuwa kabla sijaanza, na zilibaki hivyo hadi Agosti, ambapo upepo na vumbi vilinirudisha kwenye kukunja macho.

Ndiyo maana nikiulizwa leo kwamba sindano hukaa muda gani, nami huulizwa sana tangu wenzangu wa ofisini walipong'amua, huwa ninauliza kwanza anachokihesabu. Kama anahesabu siku ambazo hawezi kabisa kukunja uso, ni pungufu ya miezi mitatu. Kama anahesabu hadi msuli urudi wote, ni karibu minne. Kama anahesabu hadi mkunjo uonekane akiwa ametulia, inategemea mkunjo ulikuwa na kina gani tangu mwanzo: kijana ambaye zake huonekana akikasirika tu anaweza kukaa muda mrefu bila kuziona, na mtu ambaye zimekwisha kuchora ngozi atabaki nazo kiasi hata wiki ya pili, msuli ukiwa umenyamaza kabisa. Wengi wanaosema dawa "haikushika" wamechanganya hesabu hizi. Wengine wanalinganisha na sindano za kujaza, zile za midomo na mashavu, ambazo ni kitu tofauti kabisa na hukaa miezi sita hadi mwaka au zaidi.

Nilipokwenda kuchomwa kwa mara ya nne, tarehe 5 Oktoba 2024, nilisafiri kwa treni ya umeme iliyokuwa imeanza kutufikia Julai ya mwaka huo, na safari iliyokuwa inanila siku nzima barabarani sasa inachukua asubuhi tu. Nakiri kwamba urahisi huo ni kishawishi. Wapo ninaowafahamu ambao hawakubali hata wiki moja ya msuli kurudi, hushuka Dar kila baada ya miezi mitatu kama wanaokwenda kusuka. Siwalaumu, fedha ni zao. Mimi nimechagua kuruhusu msuli urudi na kukaa miezi kadhaa, nikachoma mara moja kwa mwaka hivi, kwa sababu nimekwisha kuona kwamba uso wangu uliotulia haudai zaidi ya hapo, na kwa sababu shangazi bado yuko hai na bado ana ng'ombe.

Fedha niliyookoa ilinunua miwani nzuri ya jua, kofia yenye ukingo mpana ambayo walinzi wa getini Mtumba wameizoea, na mafuta ya kukinga jua ninayopaka kila asubuhi, hata siku za mawingu za Januari. Jua haliivunji dawa iliyokwisha kuingia kwenye mshipa, jambo ambalo nililidhani kwa muda mrefu. Linachofanya ni kuichosha ngozi yenyewe na kuilazimisha misuli ya macho ifanye kazi isiyo yake, kwa hiyo sindano inaponyamazisha msuli mmoja, jua linaita mingine mitano. Binti yangu husema kwamba kofia peke yake ingenitosha tangu 2019, na sina hoja ya kumjibu isipokuwa kwamba alizaliwa na ngozi ya baba yake.

Mdogo wake anaolewa Desemba mwaka huu. Mara hii nimehesabu kurudi nyuma kutoka siku ya ndoa: wiki mbili za dawa kukamilika, na wiki mbili nyingine za akiba, ili kukiwa na upande uliochelewa urekebishwe na kukiwa na alama ya sindano ifutike. Tarehe imeangukia Jumamosi moja ya Novemba. Daktari amekwisha kuiandika, tiketi ya treni nimekata, na daftari nimeliwekea ukurasa mpya wenye safu tatu.